Bawa Lenye Nafasi ya Kukua

Mama yangu anashona sare za shule katika soko la Kithimani, na kazi yake ina sheria moja ambayo sikuwahi kumwona akiivunja: mtoto hashonewi nguo inayomtosha. Ukimshonea inayomtosha leo, muhula ujao mzazi atakuja kusimama mlangoni na kulalamika, wateja wengine wakisikia. Kwa hiyo sweta hufika mapajani, mikono ya shati hukunjwa mara mbili, na sketi huachiwa pindo nene la kushushwa kidogo kidogo mpaka kidato cha nne. Mtoto aliyeanza shule ya upili kwetu utamtambua kutoka mbali. Anatembea ndani ya nguo zake kama mpangaji aliyepewa nyumba yenye vyumba asivyovihitaji.

Sheria hiyo haikuishia dukani. Viatu vyangu vilijazwa gazeti puani. Kitanda nilichonunuliwa nikiwa chekechea ndicho ninacholalia hadi leo nikienda nyumbani. Juu ya nyumba yetu kuna vyuma vilivyoachwa vimesimama tangu nikiwa mdogo, vikingoja ghorofa, na mama huwaonyesha wageni kwa kidole kana kwamba ngazi zimeshajengwa. "Utaijaza," ndilo neno nililolisikia utotoni mara nyingi kuliko jina langu. Utaijaza sweta, utaijaza sahani, utaijaza nafasi uliyopewa shuleni. Nilikuwa na mwili mdogo na wasiwasi mwingi, na kila mara nilipoambiwa nitaijaza, nilianza kufikiria itakuwaje nisipoijaza.

Chuoni nilisoma sayansi ya bahari. Mtu aliyekulia mahali ambapo maji huletwa na punda ana haki ya kuyapenda maji mengi. Wateja wa mama walipomuuliza bahari ya Yatta yetu kavu iko wapi, aliwajibu, "Inakuja," akaendelea kukanyaga cherehani. Lakini nilijua haipendi. Hajawahi kuiona, na yote aliyoyasikia kuihusu ni habari za watu waliozama. Alitarajia nifundishe. Nilipohitimu nikapata kibarua Mlolongo, katika kiwanda kidogo kinachosafisha maji ya kisima, kazi yangu ikawa kupima chumvi kwenye chupa kutwa nzima. Mama alifurahi sana. Hayo, alisema, ndiyo maji ya mtu mwenye akili, yako ndani ya chupa na yamefunikwa.

Nami nilikuwa nimeshakwenda pwani ya kusini kwa likizo fupi kujifunza kupiga mbizi. Huko kuna kikundi kinachochunguza matumbawe, na kiongozi wake, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliniambia nirudi baada ya mvua anijaribu kwa wiki moja. Kazi yenyewe ni kukaa tuli juu ya matumbawe, karibu kiasi cha kuyatazama moja moja, bila kuyagusa. Ukiyagusa yanavunjika. Mimi sikuwa nikikaa tuli. Nilikuwa nimeazimwa jaketi ya kuelea ya mtu mkubwa, na kila nilipoitia hewa ilipanda mpaka masikioni, huku mtungi wa hewa ukining'inia upande mmoja wa mgongo kama mtoto aliyefungwa vibaya. Nilipanda na kushuka kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

Yule kiongozi aliniangalia, akaniambia bila kuzunguka: "Shida ni hicho ulichovaa. Njoo na bamba lako na bawa lako, yanayokaa kwenye mwili wako. Ukitulia, kazi ni yako. Ukiyumba sitakuchukua, hata nikikupenda."

Bamba ni kipande cha metali cha ukubwa wa mgongo, chenye matundu, ambacho unakivaa kwa mkanda mmoja mrefu unaopita mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Mtungi wa hewa hufungwa nyuma yake. Kati ya bamba na mtungi kuna bawa, ambalo ni mfuko mgumu wenye umbo kama la herufi U. Ukiutia hewa unapanda, ukiitoa unashuka, ukipata kiasi chake hupandi wala hushuki. Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba kila sehemu unaichagua mwenyewe. Ubaya wake ni huohuo.

Kuna watu wanaoweza kuchagua kitu wakakinunua, wakakitumia, na maisha yakaendelea. Mimi hata chai ya maziwa au ya rangi hunichukua muda. Bamba lilinichukua wiki kadhaa. La chuma ni zito, linakuzamisha bila kuhitaji vipande vingi vya madini ya risasi kiunoni. La alumini ni jepesi, na unaweza kusafiri nalo. Nikachagua alumini. Kisha nikafikiria jinsi mtungi unavyokuwa mwepesi hewa ikikaribia kwisha, na unavyotaka kukuinua, nikachagua chuma. Kisha nikafikiria bawa likitoboka huku nimebeba chuma mgongoni, nikarudi kwenye alumini. Niliwaza hata kutu, ingawa mabamba hayo hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Nilikuwa nimeshakata shauri kwa mara ya mwisho kwamba ni alumini, nikatulia, nikawa hata nalala vizuri. Asubuhi moja kazini, chupa ya maji ya kisima ikiwa mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba hesabu zangu zote nilizipiga kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari humbeba mtu zaidi. Ni sisi watu wa bara tu tunaoweza kulisahau jambo hilo, tena huku tukipima chumvi kila siku. Nikachagua chuma, na hapo sikugeuka tena.

Lakini bawa halikunisumbua hata kidogo. Hilo lilikuwa jambo pekee nililokuwa na hakika nalo tangu mwanzo. Kwa mwili wangu, na mtungi mmoja, na suti nyepesi ya mpira inayotosha maji ya joto, nilihitaji bawa dogo. Bawa kubwa mno hukunjamana pembeni mwa mtungi na kuificha hewa kwenye mikunjo, nawe ukidhani umeitoa yote, kumbe ipo, inakuvuta huku na kule. Hilo nililijua kama ninavyojua njia ya kwetu.

Ndipo mama, ambaye nilikuwa nimeshamweleza habari za pwani, akapiga simu.

"Mwana wakwa," alisema, "hiyo kitu inakuzuia usizame inaitwa nini?"

"Bawa, mwaitu," nilimjibu, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Hiyo nitakununulia mimi."

Nilikaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno moja jema kuhusu bahari.

"Si lazima, mwaitu."

"Nimeshasema kanisani. Nilisimama wakati wa shukrani nikasema mtoto wangu anaenda kufanya kazi ndani ya maji, na bawa ni langu. Sasa nirudi niwaambie nini?"

"Asante sana, mwaitu."

"Na tuchukue kubwa," akasema. "Ndogo ni ya nini?"

Nilisema tutaona. Kwetu "tutaona" ni njia ya heshima ya kuahirisha ugomvi. Nilipokata simu nilibaki pale kwenye ndoo, nikatazama pande zote mbili za jambo hilo na nisione mlango. Nikienda pwani na bawa kubwa nitayumba, na kazi niliyoitamani tangu chuoni itakuwa imenipita. Nikilikataa, nitakuwa nimekataa baraka yake ya kwanza kwa bahari, aliyoitoa mbele ya waumini wote, kwa lugha pekee aliyokuwa nayo. Mama hasemi "nakupenda". Mama huacha pindo.

Nilitunga maneno ya kumwambia. Niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo, nikiwa nimesimama kama mwalimu wa fizikia. Nilikuwa na mfano wa puto, na mwingine wa gari la mizigo lililobeba gunia moja tu, likiteleza huku na huku kwenye matuta. Mifano yote ilikuwa mizuri sana pale kwenye kioo.

Muuzaji tuliyempata alikuwa mzee wa pwani aliyewahi kupiga mbizi bandarini, kisha akahamia Syokimau kumfuata mkewe mwenye kazi ya ofisi Nairobi. Vifaa vyake vilijaa chumba cha wageni, na alikuwa amewaomba wenye mtaa wamruhusu kutumia bwawa lao asubuhi, kabla watoto hawajalivamia. Mama alitoka Kithimani amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alinisalimu, akamsalimu mzee, halafu akaketi kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa bwawa, mkoba magotini, kama mtu aliyefika kutoa ushahidi.

Mzee akaweka mabawa mawili kwenye nyasi, kubwa na dogo. Mama aliinuka akayaendea. Hakuangalia ukubwa kwanza, aliangalia mishono. Aliligeuza lile kubwa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akavuta uzi kidogo.

"Huyu alishona mara mbili," alisema. "Huyu si mwizi." Kisha akamgeukia mzee. "Hii kubwa ni ya kina nani?"

"Hilo la wenye kubeba mitungi miwili, mama. Wale wa kwenda chini sana."

"Na huyu siku moja akibeba miwili?"

"Hapo atalitaka hilo kubwa."

"Na hii kubwa inaweza kubeba mmoja?"

Mzee alinitazama, akamtazama mama. "Kubeba litabeba."

"Na hiyo ndogo inaweza kubeba miwili?"

"Hilo haliwezi."

Mama akanigeukia kama wakili aliyemaliza kazi. "Umesikia mwenyewe."

"Lakini mama," mzee akaanza, "kuna jambo—"

"Hata mimi nimesikia," alisema mama, akarudi kwenye kiti chake.

Mzee akacheka, akakuna shingo. "Haya basi. Tuyatie majini, yajisemee yenyewe."

Mama aliinama akachovya kidole bwawani, akakionja. "Hata haya maji yako na chumvi," alisema. "Mbona unaenda mbali?" Maji ya kule Syokimau hutoka chini na yana chumvi kweli. Mzee alicheka tena. Mimi, badala ya kucheka pamoja nao, nilianza kuwaza chumvi hiyo ni kiasi gani na inanivurugia vipi hesabu zangu za bamba.

Nilianza na lile kubwa. Nilitaka kumpa mama nafasi ya haki, na labda moyoni nilitaka liwe zuri, ili nisilazimike kusema chochote. Nilishuka. Nikalitia hewa kidogo, hewa ikakimbilia bega la kushoto, nami nikaegemea kulia. Nikajinyoosha, hewa ikahamia kulia. Niliinua bomba la bawa kuitoa, ikatoka kidogo, nyingine ikabaki imejificha mahali ambapo mkono haufiki, nikaanza kupanda polepole kuelekea juu bila kutaka, nikipiga mikono na miguu kama mtu anayefukuza nyuki. Nilipotoa kichwa, mama alikuwa anatabasamu.

"Umeona?" alisema. "Inakuleta juu yenyewe."

Mzee akabadilisha bawa. Nikashuka tena na lile dogo.

Sijui nielezeje kilichotokea, kwa sababu hakikutokea kitu. Nilitia hewa, nikatoa kidogo, nikaacha. Sakafu ya bwawa ilikuwa karibu na kifua changu na haikusogea. Niliona vigae, na kwenye mstari kati ya vigae kulikuwa na kibanio cha nywele cha mtoto, cha manjano. Nikivuta pumzi nilipanda kidogo sana, nikiitoa nilirudi palepale. Mikono yangu nilikuwa nimeikutanisha mbele, haina la kufanya. Kwa muda fulani hata kichwa changu, ambacho huwa kama soko siku ya mnada, kilinyamaza. Nilikitazama kile kibanio tu.

Nilipotoka, mama alikuwa amesimama ukingoni kabisa mwa bwawa, viatu vyake karibu viguse maji.

"Hiyo nayo uliingia ukakaa tu," alisema. "Nikadhani umelala."

"Ndiyo kazi yenyewe, mwaitu."

"Kukaa?"

"Kukaa."

Akamwambia mzee, "Tufungie kubwa. Ataijaza."

Nilikuwa nimesimama ndani ya maji yaliyonifika kiunoni, miwani imepanda kwenye paji la uso, makamasi labda yananitoka. Nilitafuta mfano wa puto, sikuuona. Nilitafuta wa gari la mizigo, nao ulikuwa umeondoka. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine kabisa, na kilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Mwaitu, mimi sikui tena."

"Nini?"

"Nimemaliza kukua. Hivi nilivyo ndivyo nilivyo. Ukininunulia kubwa itakaa kubwa mpaka nife."

Usimtajie mzazi anayeogopa maji neno kufa ukiwa umesimama ndani ya maji. Nililiona neno hilo likimfikia. Mzee ghafla alipata kazi ya haraka kwenye bomba la maji lililokuwa mbali. Mama aliokota mkoba wake kwenye kiti, akautia begani, akasema, "Sawa."

Kuna "sawa" nyingi. Hii ilikuwa ile ambayo haina chochote nyuma yake, kama mlango uliopakwa rangi ukutani. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa bado nimelowa, tukazungumza juu ya mahindi na kama mvua itakuja, akaenda zake. Nilirudi nikachukua bamba la chuma na mkanda wake, vitu nilivyokuwa nimekubaliana na mzee tangu awali. Mabawa yote mawili yalibaki Syokimau.

"Yule mama anakuhofia tu," mzee aliniambia akinifungia bamba kwenye gunia. "Wangu mimi hakuja hata kuniona naogelea."

Siku zilizofuata niliifikiria ile "sawa" kutoka kila upande. Labda ilikuwa sawa ya hasira. Labda ilikuwa ya uchovu, maana alikuwa ameamka mapema. Labda alikuwa amekubali, na mimi ndiye niliyekuwa nikimvisha hasira asiyokuwa nayo. Nilifikiria kumpigia simu nimwambie basi, nitachukua kubwa. Nilishika simu mara nyingi. Kisha nilikumbuka kile kibanio cha nywele cha manjano kilivyotulia mbele ya macho yangu, nikaiweka simu chini. Sikuwa nimewahi kumkatalia mama kitu, na nilishangaa kuona kwamba mtu anaweza kuwa na huzuni ya kukataa na bado asitake kubadilisha jibu.

Mwishowe ukaja ujumbe wake: "Jumamosi kuja na hiyo chuma. Na ile nguo ya mpira."

Siku ya Jumamosi duka lake hujaa. Niliingia na gunia langu, nikawasalimu wateja, wakaniuliza habari ya mjini. Mama hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Vaa," alisema.

"Hapa?"

"Nyuma ya pazia. Vaa yote, kama unaingia majini."

Mtu asiyewahi kuvaa suti ya mpira katika joto la Kithimani, mchana, nyuma ya pazia lililotengenezwa kwa vitambaa vya sare za shule mbalimbali, hajajua jasho. Nilitoka nimevaa suti, bamba mgongoni, mkanda mrefu umening'inia kwa sababu sikuwa nimeukata. Mikanda hiyo huuzwa mirefu ya kumtosha mtu yeyote, nawe unakata kinachozidi. Mimi nilikuwa nimekikunja kinachozidi na kukifunga kwa mpira. Mkanda ukishakatwa haurefuki.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja sweta alishika mdomo. "Aiya! Huyu ndiye wa bahari?"

"Ndiye," alisema mama.

"Mbona amekuwa kama mende?"

"Ni mende yangu," alisema mama, na duka lote likacheka, nami nikacheka pia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu Syokimau kusikia sauti yake ya kawaida.

Aliinuka, akachukua chaki nyuma ya sikio, akaanza kunizunguka. Alivuta mkanda begani, akaulegeza. Aliniambia niiname, nikainama. Niinue mikono, nikainua.

"Ukiwa huko chini, ni kitu gani lazima mkono wako ufike?"

"Mdomo wa mtungi, pa kufungua na kufunga hewa. Uko hapa nyuma ya kichwa."

"Fika."

Nilijaribu, vidole vikaishia shingoni. Alilipandisha bamba kidogo, akavuta mkanda upande wa pili. "Fika tena." Vidole vikakaribia. Akapandisha tena, akaniamuru nivute pumzi mpaka mwisho na kuishikilia, akaangalia kama mkanda unanibana kifua, akarekebisha tena, bila haraka, akihema puani kama anavyofanya akishona kola. Safari ya tatu au ya nne nilifika. Akatia alama ya chaki kiunoni, kushoto na kulia, kisha akachukua mkasi mkubwa.

Hapo wasiwasi wote niliozaliwa nao ukaamka.

"Mwaitu, ngoja. Labda tuache kidogo."

"Kidogo ya nini?"

"Pengine siku moja nitavaa suti nene. Pengine nitanenepa. Ukikata hairudi."

Mkasi ulibaki wazi. Alinitazama kwa muda, na nikaona mdomo wake ukijizuia.

"Ni nani alisema amemaliza kukua?"

"Ni mimi."

"Ulisema mbele ya nani?"

"Mbele yako. Na yule mzee."

"Basi simama vizuri."

Akakata. Mkanda ule ni mgumu, ilibidi akaze mkono mara mbili, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetafuna muwa. Aliacha urefu wa kiganja tu kupita kwenye kifungo cha kiunoni, kiasi cha kushika na kuvuta. Akawasha kiberiti, akauchoma mwisho wake usifumuke, akaubonyeza kwa chuma cha pasi. Kisha akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya chini, wateja wakiwa wameanza mazungumzo yao mengine:

"Pale kwa maji. Ukiwa na ile kubwa ulikuwa unapigana. Nikafikiria, ndivyo inakuwanga, maji ni ya kupigana. Halafu ukaingia na ile ndogo." Akafuta chaki kwenye leso. "Wewe tangu uzaliwe hujawahi kutulia. Hata kwa tumbo. Hata kanisani unatingisha mguu. Nimekaa siku zote hizi najiuliza ni nini niliona pale chini. Nimeona ni hiyo. Ulikuwa umetulia."

Jasho lilikuwa likinitoka mpaka machoni, jambo ambalo lilinisaidia.

"Mpigie yule mzee," alisema. "Mwambie ile ndogo asiuze, nakuja mwenyewe. Na mwambie alishone jina lako. Hapana, asishone. Nitashona mimi, hawezi kujua uzi."

Kuivua ile suti kukawa kazi. Ilikuwa imenishika kwa jasho, na nyuma ya pazia nilivuta nikashindwa, mpaka mama akaja akanishika mkono wa suti. Aliniambia niinue mikono juu, akavuta kwa uzito wake wote, akaangukia kwenye magunia ya vitambaa akiwa na mkono mtupu wa mpira mkononi, akacheka mpaka akalazimika kukaa hapo chini. Mwanamke wa sweta aliuliza kutoka nje kama tuko salama.

"Tuko salama," mama alijibu. "Tunachuna mende."

Nilikwenda pwani mvua ilipopungua. Siku ya kwanza sikupiga mbizi, bahari ilikuwa imechafuka, na hiyo ilinipa nafasi nzuri ya kuwaza. Nilijiuliza kama chuma kilikuwa kizito mno. Nilijiuliza kama mkanda ungekuwa mrefu kidogo. Siku iliyofuata tulishuka, na yule kiongozi akakaa kando yangu juu ya matumbawe yenye rangi ya viazi vitamu, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akageuka akaendelea na kazi yake kana kwamba sipo. Mwisho wa wiki aliniita, akaniambia nitafute chumba cha kupanga.

Nilimpigia mama palepale, nikiwa na chumvi kwenye nyusi. Cherehani ilikuwa ikilia nyuma yake.

"Mwaitu, wamenichukua."

"Ii," alisema. "Hiyo najua. Niliwaambia watu kanisani Jumapili."

"Mwaitu, Jumapili nilikuwa bado sijaingia kwa maji."

"Sasa ningengoja nini?" aliniuliza. Akaniambia kuna mteja mlangoni, nisisahau kuusuuza kwa maji yasiyo na chumvi ule uzi aliotumia kushona jina langu kwenye bawa, akakata simu.